Treni za mjini kwenye Minecraft: hesabu milango kwanza, tepu baadaye

Watu wengi wakitaka kujenga treni ya kweli kwenye Minecraft, lile gemu la kujenga kwa bloku, wanakimbilia vipimo. Wanatafuta urefu wa behewa, upana, kimo, bloku moja ni mita moja kwa hiyo hesabu rahisi, wanajenga, wakimaliza wanarudi nyuma kuangalia na wanaona boksi refu lenye madirisha ambalo linaweza kuwa treni yoyote ya nchi yoyote. Vipimo viko sawa kabisa na bado siyo yenyewe. Mimi najenga treni za mjini tu, hizi za kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, za mwendokasi sizigusi kabisa, na mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aanze na milango.

Sababu ni kwamba treni ya safari ndefu inaweza kuwa na mlango mmoja tu kila mwisho wa behewa na maisha yakaendelea, lakini treni ya mjini kazi yake ni kushusha na kupakia watu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo milango ndiyo imechora umbo lake lote. Behewa la Tokyo la mita 20 lina milango minne kila upande. R160, treni ya chini ya ardhi ya New York, ni fupi kidogo, mita 18 na kitu, nayo minne. Yale mabehewa ya ghorofa ya GO Transit, shirika la treni za abiria kule Toronto, yanakaribia mita 26 na yana miwili tu kila upande. Sasa jicho la mtu likitazama treni kwa mbali linasoma ule mpangilio, mlango, dirisha, mlango, dirisha, kabla halijasoma rangi wala sura. Ukipunguza mlango mmoja ili upate dirisha zuri umeshajenga treni nyingine.

Tuchukue E235 ya Yamanote, laini ya kuzunguka ya Tokyo, ile treni ya kijani iliyoanza kazi Novemba 2015. Behewa mita 20, milango minne, kila mmoja upana kama mita 1.3. Kwenye bloku weka mlango bloku 1, kati ya mlango na mlango bloku 4, na kila mwisho wa behewa bloku 2. Piga hesabu: milango 4, nafasi tatu za kati 12, miisho 4, jumla 20, imeingia bila kulazimisha chochote! Kuna wanaotaka mlango wa bloku 2 kwa sababu mlango wenyewe una mabawa mawili, nao wako sawa, wapunguze nafasi za kati ziwe 3 na behewa litatoka bloku 21, hiyo moja ya ziada hakuna atakayeiona.

Shida inaanza kwenye upana. Behewa lina mita 2.95, kwa hiyo bloku 3, unafurahi, halafu unaingia ndani unakuta kuta zimekula moja kushoto na moja kulia na umebaki na bloku moja ya kupita, kiti utaweka wapi? Kwenye treni za Tokyo benchi la kati ya mlango na mlango ni la watu 7, wamegeuzia migongo ukutani, katikati wamesimama wengine, na hilo kwenye upana wa 3 halipo kabisa. Trapdoo, yaani vile vifuniko vyembamba vya kwenye gemu, zina unene wa pikseli 3 kati ya 16, ukizisimamisha zinakuwa kuta nyembamba nzuri za kuonekana, ila bado zinashika bloku nzima, huwezi kuchomeka kiti kwenye bloku hiyo hiyo.

Kwa hiyo amua mapema. Kama ni treni ya kuangaliwa tu kutoka nje, jenga upana wa 3, vioo vyeusi, ndani usihangaike. Kama watu wataingia, nenda upana wa 5, na hapa usifuate kikokotoo kinachokwambia urefu nao upande hadi 33, itakuwa nyoka. Milango ya bloku 2, kati 4, miisho 2, unapata 24 na inakaa vizuri. Upana wa 4 usijenge, kwa sababu sura ya treni nyingi za mjini ina kitu katikati, R160 kwa mfano ina mlango pale mbele katikati kabisa, na upana wa 4 hauna katikati.

Njia ya tatu ni block_display, yaani umbo la bloku la kuonekana tu, iliyokuja na toleo 1.19.4 mwaka 2023. Hizi unaweza kuzifinya na kuzisogeza nje ya mistari ya bloku, viti 7 vinaenea bila shida. Ila hazigusiki, mtu anapita katikati ya kiti kama jini, na ukizijaza treni nzima seva itaanza kulalamika.

Rangi nayo ina ubishi wake. Treni za chuma kisichoshika kutu zina mstari mmoja mwembamba wa rangi ubavuni, kwenye bloku mstari mwembamba kabisa ni mita moja, unageuka kuwa mkanda. Zege la rangi kwenye gemu halina slabu, yaani bloku za nusu kimo, kwa hiyo hapo huna pa kukimbilia zaidi ya bendera au vioo vya rangi vyembamba. Ndiyo maana E235 ni zawadi kwetu: rangi imehamia kwenye milango yenyewe, imesimama wima, unaweka zege la kijani limau bloku mbili kwenda juu na umemaliza. E231 iliyokuwa pale kabla yake yenye mistari ya kulala inasumbua mara kumi zaidi. Kwa ubavu wa chuma mimi natumia bloku ya chuma, ina vile vimistari hafifu vya kulala vinavyofanana na bati. Zege la kijivu linaonekana kama plastiki, sijui kwa nini watu wanalipenda.

Kimo ni rahisi kwa treni za kawaida, sakafu bloku moja juu ya reli, ndani mbili wazi, paa slabu. Jukwaa la stesheni liwe bloku moja pia, jukwaa la Uingereza ni milimita 915 kwa hiyo hudanganyi sana. Angalia tu tofauti ya sakafu na jukwaa isizidi nusu bloku, mchezaji anapanda mwenyewe hadi 0.6, zaidi ya hapo abiria wako wote wataingia kwa kuruka. Ghorofa za Toronto ndiyo kazi: zenyewe zina mita 4.85, na kwenye gemu mtu anahitaji 1.8 kila ghorofa wakati bloku zinakuja kwa nusu nusu, utafika 5 na nusu upende usipende.

Halafu urefu wa treni nzima. Yamanote inavuta mabehewa 11, bloku 220. Minecraft ya toleo la Java ikiwa na mipangilio yake ya kawaida inakuonyesha chanki 12, yaani bloku 192, kwa hiyo ukisimama mkiani kichwa cha treni yako mwenyewe hukioni. Wengi tunakata hadi 6 au 7. Ukikata, usitupe mabehewa yenye pantografu, ile mikono ya paani ya kuchukua umeme, na kama unataka kuwafurahisha wanaojua, bakiza behewa namba 10. Kwenye treni nyingi za E235 za laini hiyo, namba 10 ilitolewa kwenye E231 na kuingizwa humo, milango yake haijapangana kama ya wenzake. Isogeze bloku moja tu, kuna mtu ataiona na atakuandikia saa nane usiku.

Kutembea sasa. Kitoroli cha kawaida cha gemu mwisho wake ni mita 8 kwa sekunde, kama kilomita 29 kwa saa, wakati Yamanote inafika 90. Laini yote ya kuzunguka ni kilomita 34.5, kitoroli kitaimaliza kwa dakika 72 bila kusimama popote, na treni yenyewe inazunguka kwa saa moja hivi na inasimama stesheni 30. Kwa hiyo bila modi, yaani programu ya nyongeza ya gemu, sahau. Modi ya Minecraft Transit Railway inakupa ratiba na mwendo wa kweli ila inaendesha modeli zake, bloku zako hazihusiki. Modi ya Create ndiyo inachukua bloku ulizopanga kwa mkono, inaziweka juu ya bogi, yaani fremu za magurudumu, na zinaondoka. Lakini inabeba bloku, haibebi block_display, kwa hiyo kama ulivinakshi viti vyako kwa hizo vitabaki vinaelea hewani pale stesheni. Na milango ya kuteleza ya Create inafunguka yenyewe treni ikisimama, nenda kwenye mpangilio wa stesheni uchague upande wa jukwaa, la sivyo itafunguka yote na abiria wako watashukia relini.