"Fundi, niwekee programu ya dhahabu tu"

Juzi kaja mteja mwingine. Kaweka mezani ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, aliyoungiwa na mtoto wa dada yake: Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), koili iliyozungushwa kwenye ubao, betri ya pikipiki. Kaongea kwa upole kabisa. "Fundi, hii inalia kwa kila kitu. Misumari, vizibo, nyembe. Mimi nataka ilie kwa dhahabu tu. Si unabadilisha programu?"

Sibadilishi. Wala sibani maarifa, mzee wangu. Programu hiyo haipo, na anayekuuzia anakuuzia hewa.

Mikrokontrola, ile chipu inayoendesha programu kwenye Arduino, haijui dhahabu ni nini. Inafungua transista, yaani swichi ya umeme, inafunga, inasoma volti. Kwenye mashine ya mapigo kama hiyo, unapitisha mkondo kwenye koili kwa mikrosekunde 200 hivi, kisha unaukata ghafla. Uga sumaku unapoporomoka unaamsha mikondo ya kuzunguka ndani ya metali iliyo karibu. Mikondo hiyo nayo inakufa, na inapokufa inaacha mkia mdogo wa volti kwenye koili. Basi. Programu inaletewa mkia, hailetewi metali.

Sasa hapa ndipo watu hawanielewi. Urefu wa mkia unatokana na vitu vilivyokwisha kuzidishwa pamoja: metali inapitisha umeme kiasi gani, ni kubwa kiasi gani, ni nene kiasi gani. Kwa kupitisha umeme, fedha inaongoza, inafuata shaba, halafu dhahabu, na alumini iko mgongoni kwa dhahabu. Ukiongeza unene au ukubwa kidogo, mpangilio wote unavurugika. Nikikupa 12 nikakuuliza nimezidisha 3 kwa 4 au 2 kwa 6, utajibu nini? Ndicho unachotaka nikuandikie. Punje ndogo ya dhahabu na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara zinaweza kuleta mkia uleule. Siyo unaofanana, uleule.

"Mbona za dukani zinaonyesha namba?" Zinaonyesha. Zile za mawimbi mfululizo zinatofautisha chuma vizuri tu, kwa sababu chuma kinavutwa na sumaku na kinajibu kivyake. Lakini namba kwenye skrini ni mahali kwenye mstari mmoja, na dhahabu ndogo imekaa humohumo na takataka za alumini. Ukiinyamazisha karatasi ya sigara, umeinyamazisha na punje.

Kilichokuwa kibovu kwenye ile ditekta ni saa. Mkia wa punje ndogo unaisha ndani ya mikrosekunde chache, kwa hiyo lazima usome mapema, kwenye 10 au 12 baada ya kukata. Kijana katumia amri za kawaida za Arduino: digitalWrite ya kuwasha na kuzima na delayMicroseconds ya kusubiri, halafu analogRead ya kusoma volti. Nikaitundika kwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini: sehemu ya kusomea inatembea kushoto na kulia kama mlevi. Sababu ni Timer0, ile saa ya ndani ya Arduino inayohesabu milisekunde; kila baada ya milisekunde 1.024 inaikatiza programu yako kwa mikrosekunde kadhaa. Kwenye taa ya kuwaka na kuzima huoni kitu. Hapa mkia wote umekwenda. Na analogRead yenyewe inachukua kama mikrosekunde 100 kumaliza kusoma. Tumia Timer1, saa nyingine ya ndani, iendeshe mapigo moja kwa moja, na chipu ya swichi ya 4066 na kapasita vishike volti mpaka mikrokontrola iwe tayari kusoma. Mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa kwamba ile kulialia ovyo ni majini wanalinda mali. Ni Timer0.

Transista pia. Alikuwa ameweka IRFZ44N, ya volti 55. Haifi, na hapo ndipo inapodanganya: inaukaba mruko wa koili kwenye volti hizo na koili inachelewa kutulia. Weka IRF740, ya volti 400. Rezista ya kutuliza koili anza na kilo-omu 1, kisha rekebisha ukiangalia osiloskopu. Bila osiloskopu unabahatisha.

Kina? Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, ukiongeza umbali mara mbili, kinachorudi kinapungua mara 64. Ukipeleka mkondo mara mbili unapata kina zaidi kwa asilimia 12 tu. Acha kuongeza betri.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Udongo mwekundu una mkia wake, kwa hiyo tunasoma mara mbili kwa nyakati tofauti na kutoa namba moja kwenye nyingine ili udongo ujifute. Ninafanya hivyo, kila mtu anafanya hivyo. Lakini kuna ukubwa fulani wa dhahabu ambao mkia wake, ukitolewa hivyohivyo, nao unajifuta. Unapita juu yake na mashine iko kimya. Nimejaribu kuliziba tundu hilo kwa kusoma mara tatu; likahamia kwenye ukubwa mwingine. Kwa hiyo nikikukabidhi mashine iliyotulia vizuri kwenye udongo wako, ujue kuna vipande imekubali kuviacha, na sitaweza kukuonyesha ni vipande gani.

Ditekta nimemrudishia jana. Sasa inanasa misumari midogo ambayo mwanzo haikuiona kabisa. Mwenyewe hakufurahi.