Diski Haionekani Wakati wa Kuweka Windows: Iulize BIOS Kabla ya Kununua Nyingine

Fleshi umechomeka, kipakatalishi kimewaka, lugha umechagua, masharti umekubali. Ukifika mahali pa kuchagua diski, pako patupu. Windows inasema haijaona diski yoyote na inadai draiva, yaani programu ndogo ya kuiwezesha kuzungumza na kifaa. Hapo ndipo wakazi wengi wa Mombasa hufunga mashine na kwenda mjini kutafuta diski mpya, ilhali ile ya zamani ni nzima. Tafadhali usitoe hata shilingi kabla hujaiuliza BIOS. Jibu lake hupatikana kwa dakika tano, bila gharama.

BIOS ni programu ndogo iliyomo kwenye bodi kuu, nayo huamka kabla ya Windows. Zima mashine kabisa, iwashe, na papo hapo gongagonga F2 kwa Dell, Acer, Asus na Lenovo nyingi, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad. Tafuta ukurasa wa taarifa za mashine au wa hifadhi. Ukikuta jina la diski na ukubwa wake, tuseme GB 256 au 512, diski inasikizana na bodi, na kazi iliyobaki ni ya draiva au mpangilio. Usipokuta kitu, chukua bisibisi.

BIOS inaiona, Windows haiioni

Soma kwanza jina la prosesa. i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i5-1235U ni cha 12. Kuanzia kizazi cha 11, kilichoingia sokoni mwaka 2020, vipakatalishi vingi vya Intel hutoka kiwandani VMD, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski, ikiwa imewashwa. VMD hukaa kati ya prosesa na diski mithili ya bawabu mlangoni: anayetaka kuifikia diski lazima apitie kwake. Fleshi ya kawaida ya Windows mara nyingi haina draiva ya kuzungumza na bawabu huyo, basi hurudi na kusema nyumba haina mtu.

Njia ya kwanza ni kuipa draiva inayohitaji. Nenda kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji, andika modeli yako kamili, na upakue draiva ya hifadhi inayoitwa Intel RST (programu ya Intel ya kusimamia diski) au VMD. Hapa ndipo wengi hukwama: wanapakua faili la .exe, wanalinakili kwenye fleshi jinsi lilivyo, na kisakinishi hakioni kitu. Kisakinishi husoma faili za .inf, .sys na .cat tu, kwa hiyo lazima ulifungue kwanza. Kama faili lako ni SetupRST.exe, kwenye kompyuta nyingine fungua dirisha la amri ndani ya folda lilimo, kisha andika:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\vmd

Nakili folda hiyo ya vmd kwenye fleshi ileile ya Windows. Rudi kwenye skrini tupu, bofya “Load driver”, onyesha folda, na uchague mstari wenye neno VMD. Kizazi cha 11 hutambulika kwa namba 9A0B, cha 12 kwa 467F. Diski itajitokeza baada ya sekunde chache. Isipojitokeza, huenda umechukua draiva ya kizazi kingine.

Njia ya pili ni kuzima VMD ndani ya BIOS. Kwa Dell, badilisha “RAID On” iwe “AHCI/NVMe”. Kwa Acer nyingi chaguo hilo limefichwa: nenda ukurasa wa Main, bonyeza Ctrl na S pamoja, ndipo litokee. Baadhi ya HP hazina chaguo hilo kabisa, hivyo hubaki njia ya draiva. Kisakinishi cha Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, kikikutajia RST, nacho kinakuomba uizime.

Diski ikiwa tupu, kuzima VMD ni rahisi na hakuna ubaya. Lakini kama ndani mna Windows yenye kazi za mtu, usiguse mpangilio huo, tumia draiva. Ukiizima, Windows ya zamani yaweza kugoma kuwaka, na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, ikikushtukia itadai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hafiki kwenye faili zake.

Kuna pia diski inayoonekana lakini inakataliwa kwa sababu imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na mashine inawaka kwa UEFI, BIOS ya kisasa, inayotaka mtindo wa GPT. Bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk, select disk 0, clean, convert gpt. Hakiki namba ya diski kwa ukubwa wake kabla ya kuandika clean, maana amri hiyo hufuta kila kitu bila kukuuliza mara ya pili, na fleshi yako nayo imo kwenye orodha.

BIOS haiioni kabisa

Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, tenganisha betri, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15. Hakikisha kwanza diski imo. Mashine zilizotumika ng'ambo huuzwa nyingine zikiwa zimeng'olewa diski ili kulinda data za mwenyewe.

Diski ya M.2, ile ya kibamba chembamba kinachochomekwa kwenye bodi, ukiilegeza skrubu yake hujiinua yenyewe kama nyuzi 30. Ivute taratibu na uitazame safu ya dhahabu kwa tochi. Mashine zinazokaa karibu na maji, Mji wa Kale, Nyali au Likoni, hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, na mara nyingine utakuta weusi au ukijani kwenye pini. Pangusa kwa kitambaa laini chenye aikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke dakika kumi. Usitumie petroli wala manukato. Ukirudisha, sukuma hadi dhahabu ibaki uzi mwembamba ulionyooka. Ukiona upande mmoja umetokeza, haijaingia.

Hesabu pia mapengo kwenye safu hiyo ya dhahabu. Yenye mapengo mawili kwa kawaida ni ya SATA, yenye pengo moja ni ya NVMe, nazo ni njia mbili tofauti za diski kuzungumza na bodi. Kuna nafasi inayokubali zote kuingia lakini husoma aina moja tu, kwa hiyo soma maelezo ya modeli kabla ya kununua.

Kwa diski za inchi 2.5, shuku utepe wa waya kabla ya diski yenyewe. Chomeka diski kwa adapta ya USB kwenye kompyuta nyingine: ikionekana huko, nunua utepe tu. Ikigonga tak-tak-tak na ndani mna picha au hesabu za biashara, ichomoe saa hiyohiyo. Usiijaribu tena kwenye mashine ya tatu. Kila inapozunguka, kichwa cha kusomea chaweza kukwaruza sahani zaidi. Mpelekee fundi wa kuokoa data ikiwa imezimwa, na umweleze ilianza kugonga lini.