Marubani 2,000 pungufu: je, ndege za kivita za Marekani zimekosa wa kuzirusha?

Novemba 2017, waziri wa Jeshi la Anga la Marekani, Heather Wilson, alitangaza kwamba jeshi hilo limepungukiwa marubani 2,000 kati ya 20,000. Namba hiyo imekuwa ikirudi kwenye habari karibu kila mwaka, na kila inaporudi watu hudhani kuna ndege 2,000 zimeegeshwa tu kwa kukosa wa kuzirusha. Sivyo, na dhana hiyo inaficha ugonjwa wenyewe.

Dhana: Rubani mmoja akikosekana, ndege moja imebaki bila mtu.

Upungufu hupatikana kwa kuchukua ikama, yaani nafasi zilizoidhinishwa, na kutoa waliopo. Ikama ya marubani haiishii kwenye viti vya ndege. Wamo wakufunzi, wamo marubani wa majaribio, na wamo maofisa wanaokaa Pentagon na kwenye makao makuu mengine wakipanga operesheni au kusimamia ununuzi wa ndege, kwa sababu jeshi limeamua kazi hizo zishikwe na mtu anayejua kurusha ndege. Watu wakipungua, vikosi hujazwa kwanza, meza ndizo hubaki wazi. Hivyo kikosi kinaweza kuwa na marubani wake wote na namba ya upungufu ikabaki palepale.

Ikama ya kikosi nayo ina kanuni yake. Kwa ndege za kivita, kipimo kilichozoeleka ni marubani 1.25 kwa kila ndege, kwa hiyo kikosi cha ndege 24 huandikiwa marubani 30. Badilisha kipimo hicho leo, na upungufu utapanda au kushuka leo hii hii, bila mtu yeyote kuacha kazi wala kuajiriwa. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilionyesha kuwa pengo la marubani wa ndege za kivita lilitoka 192 mwaka 2006 hadi 1,005 mwaka 2017, asilimia 27 ya nafasi. Ripoti hiyohiyo ililikosoa jeshi kwa kutopitia upya ikama wakati kazi za vikosi zimeongezeka. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote: huenda namba inayotutisha ni ndogo kuliko hali halisi.

Dhana: Wasomeshwe wengi zaidi, basi.

Lengo limekuwa marubani wapya 1,500 kwa mwaka, na kulifikia kumekuwa kugumu. Wanafunzi bado wanafundishwa kwa T-38, ndege iliyoanza kazi mwaka 1961. Lakini kuhitimu ni mwanzo tu. Rubani mchanga hukomaa kwa kuruka sambamba na mkongwe. Wachanga wakijaa kikosini, saa za kuruka hugawanywa vipande vidogo, na wakongwe wachache hulemewa na ulezi. Vikosi vya kuwalea navyo vimepungua: kwa hesabu ya Wilson, vya ndege za kivita vilikuwa 134 mwaka 1991, vikabaki 55. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walikadiria mwaka 2019 kwamba kumfundisha rubani wa ndege ya kivita ya F-16 hadi kiwango cha kuanzia hugharimu dola milioni 5.6, na wa F-22 milioni 10.9. Huyo bado hajawa wa kumfundisha mwenzake.

Dhana: Wanakimbilia mishahara ya ndege za abiria tu.

Mashirika yanawavuta, ni kweli. Rubani wa jeshi anaweza kuanza huko akiwa na saa 750 za kuruka, wakati raia kwa kawaida hudaiwa 1,500. Jeshi limejibu kwa bonasi ambayo imefika hadi dola 50,000 kwa mwaka. Hata hivyo, wanaoondoka hutaja pia safari za vitani zisizokwisha, familia kuhamahama, na makaratasi yanayowatoa kwenye ndege.

Dhana: Trump aliwarudisha wastaafu 1,000 kwa lazima.

Amri yake ya Oktoba 2017 iliruhusu kuwaita wastaafu hadi 1,000, na jeshi likasema halikusudii kumlazimisha mtu. Mpango wa hiari ulikuwa umeshatangazwa Agosti, kwa wastaafu 25 tu. Walitakiwa kujaza zile meza.