Madoa Meupe Kwenye Uboho wa Mtoto

Mama mmoja aliniletea CD ya MRI ya mguu wa kulia wa mwanawe wa miaka 11. Mtoto alikuwa akiumwa kisigino. Ripoti ilisema kuna edema (maji yaliyozidi) ya uboho kwenye mifupa mingi, kisha ikataja saratani ya damu. "Daktari, tangu juzi sijapata usingizi," alisema.

Nilifungua picha za STIR kwanza. Katika picha hizi mafuta huzimwa yakawa meusi, na penye maji hung'aa. Ndani ya mfupa wa kisigino na vifupa vilivyo mbele yake kulikuwa na vidoa vyeupe vidogo vidogo, kingo zake hazieleweki vizuri, kama chokaa iliyonyunyizwa kwa brashi. Kwenye picha za T1, ambako mafuta ndiyo hung'aa, mahali pale pale, mafuta yalikuwa bado yapo, na ganda la mfupa halikuguswa. Niliomba mguu wa kushoto, ambao haukuwa na maumivu yoyote, nao upigwe. Vidoa vilikuwa vile vile.

Uboho wa mtoto haukai hali moja. Mtoto huzaliwa karibu mifupa yake yote imejaa uboho mwekundu, ule unaotengeneza damu. Kisha uboho huo hugeuka wa njano, yaani wa mafuta, kwa utaratibu wake: huanzia vidoleni na kupanda kuelekea kiwiliwili. Ndani ya mfupa mrefu hugeuka kwanza shina, halafu upande wa chini, mwisho upande wa juu. Kufikia takriban miaka 25, mwekundu umebaki hasa kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kidari, fuvu, na sehemu za juu za mifupa ya paja na ya mkono. Mwekundu una maji kiasi cha asilimia 40 na mafuta asilimia 40. Wa njano una mafuta asilimia 80 hivi. Hiyo ndiyo tofauti MRI inayoionyesha: kwenye STIR, mwekundu hung'aa kuliko wa njano kwa sababu ya maji yake.

Ndiyo maana mtu akisoma STIR peke yake atapotea. Mimi huanza na T1, nikilinganisha uboho na msuli ulio jirani, au na diski kwenye uti wa mgongo. Uboho mwekundu wenye afya, kwa kuwa una mafuta ndani yake, hung'aa kidogo kuliko msuli. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka ni habari nyingine: uboho wake unaweza kuwa mweusi sawa na msuli, hata kuuzidi, na akawa mzima kabisa.

Magotini, uboho mwekundu uliosalia hukaa juu ya gegedu ya ukuaji, pale mfupa unaporefukia, kama ndimi za moto zinazoelekea shinani. Zikiwa hivyo magoti yote mawili, sina wasiwasi. Lakini kile kichwa cha mfupa kilicho upande wa pili wa gegedu hujaa mafuta ndani ya miezi 6 hivi baada ya kuanza kuwa mfupa, kwa hiyo nikikuta weusi wa T1 umekijaza, natazama mara mbili. Kwa vijana ambao gegedu inakaribia kufunga, kwenye STIR huonekana doa moja linaloangaza pande zote mbili za gegedu, katikati yake. Linaweza kuuma, na bado likawa ni kufunga kwa kawaida tu.

Kinachonitia hofu ni T1 iliyo nyeusi kuliko msuli au diski, kila mahali, kwa mtoto aliyepita uchanga. Pia ganda la mfupa lililoliwa, uvimbe nje ya mfupa, doa la upande mmoja tu, homa zisizoisha, au damu yenye matokeo mabaya.

Mtoto yule hakuwa na hata kimoja, na kipimo cha damu kilikuwa safi. Maumivu yalikuwa pale kano inaposhika kisigino, jambo la kawaida kwa watoto wanaokua na kukimbia sana. Alipumzika mbio wiki kadhaa yakaisha. Vidoa vya miguuni kwa kawaida hufifia kufikia miaka 15 hivi.

Kwenye ripoti yake sikuandika edema. Niliandika: "Uboho wa kawaida kwa umri huu, miguu yote miwili." Mama aliisoma palepale mbele yangu, akairudia mara ya pili.