Magugu ya Mwaka wa Kwanza, na Dhana Nyingine Zinazoharibu Preri

Kila ifikapo Julai, hapa kusini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, simu huanza kuita. Mwenye shamba aliyepanda mbegu za preri, yaani mbuga ya asili ya nyasi na maua, mwezi Novemba, kwenye ardhi iliyolimwa mahindi na soya kwa miaka mingi, hutoka nje na kukuta mchicha mwitu na gugu liitwalo Ambrosia vimemfika kiunoni. Maneno yake huwa yale yale: mbegu hazikuota, afadhali tulime upya. Nimeyasikia mara nyingi mno, na kwa kuwa ni dhana inayoharibu kazi iliyokwisha kufanikiwa, nitaieleza kwa kirefu.

Mbegu zimeota. Mimea ya preri ni ya kudumu, na mmea wa kudumu hujenga mizizi kwanza. Majani huja baadaye. Andropogon gerardii, nyasi ambayo ikikomaa humzidi mtu kimo na kushusha mizizi mita mbili na zaidi, mwaka wa kwanza huwa majani machache membamba ambayo jicho lisilozoea huyapita. Silphium laciniatum huonyesha jani moja au mawili tu, huku mzizi wake mkuu ukishuka chini, na maua yake utayasubiri miaka kadhaa. Zipo pia mbegu ambazo zitaota mwaka wa pili, kwa sababu baridi na unyevu wa msimu mmoja havikutosha kuziamsha.

Mwaka juzi nilipiga magoti pamoja na mteja ambaye alikuwa amekwisha kuagiza trekta. Tuliyatenga magugu kwa mikono, na katika eneo lisilozidi upana wa sinia tukahesabu miche kumi na mmoja ya asili. Alinyamaza, kisha akapiga simu kusitisha trekta. Mwingine hakusubiri, alilima, akapanda tena, na magugu yakarudi mengi kuliko awali, kwa kuwa jembe huzipandisha mbegu za magugu zilizolala udongoni na kuzipa mwanga unaoziotesha.

Dawa yake ni mashine ya kukata nyasi. Magugu yakifika sentimita 30 hadi 40, yakate yabaki sentimita 15 au 20, kabla hayajatoa mbegu. Kisu hupita juu ya miche yako, nayo hupata jua. Rudia mara tatu au nne mwaka wa kwanza, na mara moja au mbili mwaka wa pili. Usiyang'oe kwa mkono, kwa sababu utaing'oa na miche iliyo jirani. Wala usitie mbolea, tafadhali. Naitrojeni hulisha magugu, ilhali mimea ya preri huridhika na udongo ulio hafifu.

Dhana ya pili ni kwamba shamba likiachwa lipumzike, preri itarudi yenyewe. Itarudi kutoka wapi? Tangu John Deere alipotengeneza jembe lake la chuma cha pua mwaka 1837 kule Illinois, ardhi hii imegeuzwa kizazi baada ya kizazi, na katika jimbo la Iowa preri ya awali iliyobaki haifiki asilimia 0.1. Ghala la mbegu limekwisha. Kinachojaa katika shamba lililoachwa ni nyasi ya Bromus inermis na kichaka cha Rhamnus cathartica, wageni wote wawili. Curtis Prairie, huko Madison, ilianzishwa katikati ya miaka ya 1930 kwenye shamba la zamani kwa mbegu na mabonge ya udongo yaliyohamishwa kwa mikono, na hadi leo inahudumiwa.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi. Hauui preri, kwa maana machipukizi yake yamo chini ya udongo. Wenyeji wa asili, wakiwemo Ho-Chunk na Potawatomi, waliichoma kabla hakijafika kijiji chochote cha walowezi. Omba kibali, subiri hadi nyasi zitoshe kuubeba moto, kwa kawaida mwaka wa tatu, na uchome sehemu tu, ili wadudu waliojificha ndani ya mabua wabaki na makimbilio.

Mwisho ni wale wanaoniuliza wapande miti mingapi ili kurudisha savana ya mialoni, yaani mbuga ya nyasi yenye mialoni iliyotawanyika. Mara nyingi jibu ni kuipunguza. Utazame mwaloni mzee wa Quercus macrocarpa uliozingirwa na msitu: matawi yake ya chini yametanuka kwa ulalo, nao mti unaokulia gizani haufanyi hivyo, ulikulia juani, kwenye nyasi, na gome lake nene liliukinga na moto. Sasa matawi hayo yanakufa kwa kivuli cha miti ya Acer, na chini yake hakuna mche hata mmoja wa mwaloni. Kata miti hiyo na vichaka vya Rhamnus wakati wa baridi, ardhi ikiwa imeganda, na upake visiki dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu usipofanya hivyo vitachipua vyote kufikia Mei.