Je, wajua kwa nini vidole vyako havikuungana kama vya bata?

Tanua vidole vya mkono wako, utazame nafasi zilizo katikati. Nafasi hizo ziliwahi kujaa nyama. Ulipokuwa tumboni mwa mama, kwenye wiki ya 6 hivi tangu mimba kutungwa, mkono wako ulikuwa bapa kama kafi ya mtumbwi. Ndani yake vidole vilishaanza kujichora, ila kwa nje hakuna hata kimoja kilichojitenga. Kufika wiki ya 8, vyote vilikuwa vimeachana. Seli zilizokuwa kati ya kidole na kidole zilipewa amri ya kufa, zikafa.

Nasema amri kwa sababu kifo hiki hakifanani na kile cha ajali. Ukiungua maji ya moto, seli hufa ovyo: huvimba, hupasuka na kumwaga vilivyomo, na mahali pale huwa pekundu, pa moto, panauma. Seli iliyoamriwa kufa hufanya kazi yake kimyakimya. Husinyaa, huikatakata DNA yake, kisha hujigawa kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa barabara. Kwenye ganda lake la nje hujitokeza aina ya mafuta ambayo siku zote hukaa upande wa ndani, na seli walaji wakiyagusa tu hujua kwamba hapa pana cha kumeza. Vifurushi vinaliwa, hapabaki usaha wala kovu. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikiita kifo hiki apoptosisi, kwa neno la Kigiriki la majani yanapodondoka mtini. Sisi tuna neno letu zuri kabisa: kupukutika.

Na bata je? Amri ya kupukutika kati ya vidole hupelekwa na protini ziitwazo BMP. Kuku anazo, bata anazo, wewe ulikuwa nazo. Ila mguu wa bata, palepale kwenye utando, hutengeneza protini nyingine iitwayo Gremlin, ambayo huzikamata BMP zisifikishe ujumbe. Seli zinanusurika na utando unabaki. Popo naye hufanya hivyo kwenye mikono yake, na utando huo ndio bawa analorukia; vidole vya miguu yake huachana kama vyetu.

Kinachonishangaza kila nikilirudia somo hili ni kwamba zana za kifo hazitoki nje. Karibu kila seli ya mwili wako inazo tayari, na inaishi kwa sababu zimeshikiliwa. Anayeshikilia ni protini iitwayo BCL-2 pamoja na ndugu zake. Wanaoshikiliwa ni BAX na BAK, ambao wakiachiwa huitoboa mitokondria, kile kinu cha nishati cha seli. Kupitia matundu hayo huvuja saitokromu c, protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kusaidia kuzalisha nishati. Ikishavuja hushikana na protini nyingine na kuunda kitu kama gurudumu, na gurudumu hilo huziamsha kaspasi, mikasi inayoikata seli kutoka ndani. Amri ya kufa inapofika, protini kama BIM huongezeka na kumbana BCL-2 mpaka aachie. Basi uhai wa seli ni swali la nani kazidi, wanaoshikilia au wanaobandua. Watafiti walipozaa panya wasio na BAX wala BAK, wengi walikufa mapema, na wachache waliokua walibaki na utando kati ya vidole.

Mizani hiyohiyo ndiyo inayolea kinga ya mwili. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Seli changa kutoka kwenye uboho huenda huko kufunzwa kuwa seli T, askari wa kinga ya mwili. Kila moja hujitengenezea kipokezi chake, protini ya kutambulia wavamizi, kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa kubahatisha, kwa hiyo nyingine hutoka na kipokezi kisichotambua chochote, na nyingine hutoka na kinachoushambulia mwili wenyewe. Zile zisizotambua kitu hukosa ujumbe wa kuziacha ziishi, zikafa. Zile hatari hutafutwa kwa ustadi mkubwa: jeni iitwayo AIRE huziwezesha seli za thaimasi kutengeneza protini za viungo vingine, hata insulini ya kongosho, na mwanafunzi anayeing'ang'ania insulini hiyo hupandishiwa BIM na kufa papo hapo. Katika kila seli 100 zinazoingia, wanaohitimu hawafiki 5.

Hata waliohitimu hawaachwi. Ukiugua, seli T zinazomjua mdudu yule huzaana kwa wingi, na ukipona nyingi kati yake lazima ziondoke. BIM huhusika tena, pamoja na kipokezi cha nje kiitwacho FAS, ambacho kikibonyezwa huamsha kaspasi moja kwa moja. Watoto wanaozaliwa na FAS yenye kasoro huvimba tezi na bandama kwa miaka, na mara nyingi kinga yao huziharibu seli za damu yao wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii ina sura ya mtoto. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Leo tunajua kwamba katika saratani hiyo jeni ya MYC imehamishwa mahali pake, ikawa inailazimisha seli kugawanyika bila kupumzika. Lakini MYC hiyohiyo huisukuma seli kuelekea kufa, hivyo uvimbe unakua na kupukutika kwa wakati mmoja. Ukiweka kipande chake chini ya hadubini unaona seli nyeusi zilizosongamana, na kati yake madoa meupe yaliyotawanyika. Wataalamu huita sura hiyo anga la nyota. Kila nyota ni seli mlaji iliyoshiba mabaki ya seli zilizokufa.

Ndiyo maana uvimbe unaoweza kukua mara mbili kwa siku moja au mbili huitikia dawa haraka hivyo: seli zake zilikuwa tayari ukingoni, dawa inazisukuma tu. Taya linaweza kunywea ndani ya siku chache. Mabaki huwa mengi kiasi kwamba madaktari humwekea mtoto maji mengi ya mshipani kabla ya dozi ya kwanza, na huchunga figo zake usiku na mchana.