Kiharusi: Kutoka Mlangoni hadi Siku ya 90

Mzee analetwa Kisumu kutoka Ahero saa mbili asubuhi, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea. Daktari anamwuliza mwanawe: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? "Ameamka hivi." Basi tunahesabu tangu alipokwenda kulala saa tatu usiku. Saa 11 zimeshapita, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Ndiyo maana sisi wapimaji wa ubora wa huduma hospitalini tukifungua faili ya kiharusi tunatafuta saa kwanza: aliingia saa ngapi, akapigwa picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya ubongo, saa ngapi. Bila picha huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa inayomfaa wa kwanza yaweza kumuua wa pili. Anayestahili dawa hiyo aipate ndani ya dakika 60 tangu kufika. Faili isiyoandikwa saa hatuwezi kuipima, hata wahudumu wawe wamekesha.

Kipimo ninachokithamini zaidi hakihitaji mashine. Muuguzi anamketisha mgonjwa wima, anampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, huku akisikiliza: anakohoa? Sauti imekuwa kama ya mtu anayesukutua? Pembeni shangazi ameshafungua chupa ya uji, kwa mapenzi tu. Koo lililopooza hupitisha uji huo mapafuni, na nimonia ikafuata. Kwa hiyo tunahesabu: katika kila wagonjwa 100, wangapi walipimwa kumeza kabla ya chakula, maji au hata kidonge?

Vifo navyo tunahesabu, lakini kwa tahadhari. Hospitali ya rufaa hupokea waliozidiwa, hivyo kuilinganisha na kituo kidogo bila kutazama alama za ukali wa kiharusi walizoingia nazo, kuanzia 0 hadi 42, ni kuionea.

Kisha siku ya 90 tunapiga simu. Kupona tunakupima kwa ngazi ya Rankin: 0 ni mtu asiye na dalili yoyote, 6 ni aliyefariki. "Anaendelea vizuri, Mungu ni mwema" haitutoshi. Mama, anavaa shati mwenyewe? Anakwenda choo bila kushikwa? Mkewe anasema yote hayo anaweza, ila shamba la mpunga bado limemshinda. Tunaandika 2.